Ukurasa wa 168: riwaya ya darasa tuliyoichagua bila kuimaliza

Mama wa mwanafunzi wangu mmoja aliingia ofisini na riwaya ya darasa mkononi, kipande cha karatasi kimechomekwa ndani yake. Hakuwa na hasira. Alikaa, akaiweka mezani, akauliza: "Mwalimu, hii umeisoma?"

Nikamjibu ndiyo, nimeisoma.

"Yote?"

Hapo nikakwama. Wakati wa kuichagua nilisoma kurasa 60 hivi za mwanzo, na tangu muhula uanze nilikuwa nakwenda nayo sambamba na darasa, sura moja kwa wiki, nikiwatangulia wanafunzi kwa siku mbili tatu. Siku hiyo tulikuwa tumemaliza sura ya 9. Karatasi ya yule mama ilikuwa kwenye ukurasa wa 168, sura ya 16. Binti yake alikuwa amekimaliza kitabu kizima kwa siku nne, peke yake, kisha akamuuliza mama swali: kwa nini yule kijana wa kwenye hadithi aliapa uongo, na baada ya hapo hakuna lolote lililompata?

Mama hakuwa na jibu, ndiyo maana akaja kwangu. Nami sikuwa nalo, kwa kuwa sikujua hata kama kuna kijana aliyeapa.

Naandika kisa hiki kwa walimu wa lugha wanaofundisha watoto wa miaka 11 hadi 14, hasa wale waliokabidhiwa idara na jukumu la kuagiza vitabu. Jina la riwaya nalihifadhi. Kitabu hakikuwa na kosa, na nisingependa mtu akiepuke kwa sababu ya uzembe wetu.

Tulikuwa walimu watatu wa Kiswahili. Kibali cha kununua kilitujia kwa ghafla: nakala 35 za riwaya moja, na siku tisa za kuamua. Mimi nikasoma hizo kurasa 60, nikazipenda. Mwalimu mkongwe wa idara alisoma jalada la nyuma na aya mbili za mwanzo, akasema huyu mwandishi lugha anaijua, basi. Mwalimu kijana alisoma muhtasari na sura mbili, kisha akafanya jambo ambalo mimi niliona ni la kitaalamu: alichapa aya tatu kwenye kompyuta akazipitisha kwenye programu ya kupima ugumu wa matini. Katalogi ya mchapishaji ilisema "miaka 11 hadi 14". Tukatia saini.

Kwenye ile programu inafaa tusimame kidogo, maana naona shule nyingi zinaikimbilia. Ilimpa mwenzetu alama zilizo chini ya sifuri. Akadhani imeharibika. Haikuharibika hata kidogo, ilikuwa inafanya kazi iliyoundiwa, ila kwa lugha nyingine. Fomyula inayotumika zaidi katika programu hizi ni ya Rudolf Flesch, ya mwaka 1948, na ilitungwa kwa ajili ya Kiingereza. Unachukua 206.835, unatoa wastani wa maneno katika sentensi mara 1.015, kisha unatoa wastani wa silabi katika neno mara 84.6. Alama zikikaribia 100, matini ni rahisi. Zikikaribia sifuri, ni maandishi ya wasomi.

Sasa ipe sentensi hii: "Mtoto anasoma kitabu chake." Maneno manne, silabi 12, yaani silabi tatu kwa kila neno. Piga hesabu: alama zinatoka takriban 51 chini ya sifuri. Sentensi ya mtoto anayeanza shule imewapita wanafalsafa! Sababu iko wazi kwa yeyote aliyewahi kuchanganua kitenzi cha Kiswahili. Neno letu moja hubeba nafsi, wakati, mtendwa na kauli kwa pamoja. "Nitakapowaambia" ina silabi nane nayo ni neno moja tu, na mtoto wa miaka sita hulitamka bila kutokwa jasho. Kuhesabu silabi katika Kiswahili kunakuonyesha sarufi ya Kiswahili ilivyo. Ugumu wa kitabu unabaki palepale, haujaguswa.

Mwenzetu, badala ya kujiuliza hayo, aliachana na silabi akashika urefu wa sentensi pekee. Wastani ulikuwa maneno tisa. Sentensi fupi, kwa hiyo kitabu chepesi. Sote tukakubali.

Hata tungekuwa na fomyula iliyotungwa kwa Kiswahili, tungeangukia shimo lile lile. Wanaotumia vipimo vya namna hii kwa Kiingereza wana mfano wao maarufu: *The Grapes of Wrath* ya John Steinbeck, riwaya ya watu wazima kabisa, hupata 680 kwenye kipimo cha Lexile, kiwango kinachoangukia watoto wa darasa la 2 na la 3 huko Marekani. Waliotunga Common Core, viwango vya masomo vya shule za Marekani, mwaka 2010 waliutumia mfano huohuo kueleza kwa nini hesabu peke yake haitoshi, na kwa nini lazima watu wakae na kitabu wakiangalie muundo wake, maana zake, na msomaji anayepewa.

Sentensi za riwaya yetu zilikuwa fupi kwa sababu mwandishi alikuwa anaficha. Huyu ni mwandishi asiyekwambia mhusika amekasirika; anakwambia mhusika amehamia upande wa pili wa chombo. Ni hadithi ya kijana anayesafiri na mjomba wake kwenye jahazi la mizigo, na katika sura ya 3, baada ya mabishano, kuna sentensi hii: kijana alitoka tezi akaenda omo, akakaa huko hadi jua likazama.

Kitabu cha mazoezi kilichokuja pamoja na riwaya kiliuliza: "Baada ya mabishano, kijana alikwenda wapi?" Darasa zima likaandika: alikwenda omo. Wote wakapata. Nilizitia vema daftari zote 35 usiku ule nikalala nimeridhika.

Wiki kadhaa baadaye ndipo nilipowauliza omo ni nini. Wawili walisema ni mji. Mmoja akasema ni jina la rafiki yake. Hakuna hata mmoja aliyejua kwamba tezi ni nyuma ya chombo, pale mjomba alipokuwa ameshika usukani, na kwamba omo ni mbele kabisa, yaani kijana alikwenda mbali kadiri chombo kilivyomruhusu. Hasira yote ya sura ile ilikuwa ndani ya maneno hayo mawili, nasi tukaipita kama watu wanaopita nyumba isiyo na mtu. Kinachochoma zaidi ni kwamba darasa lile lile lilikuwa limekariri methali "Enda tezi na omo, marejeo ni ngamani", nao waliijua pamoja na maana yake ya kwenye orodha. Tezi walikuwa nayo kinywani tangu zamani, bila chombo.

Wapo watakaosema: basi hilo ni tatizo la msamiati, wape kamusi. Sikubaliani. Kamusi itamwambia "omo: sehemu ya mbele ya chombo cha majini", na mtoto atabaki hajui kwa nini mtu akae huko hadi jua lizame. Linalokosekana ni picha nzima ya mahali: nani hukaa wapi, nani humpita nani, watu wangapi wanalala kwenye mbao zile. Mwaka 1988 watafiti Donna Recht na Lauren Leslie waliwapa wanafunzi 64 wa darasa la 7 na la 8 huko Marekani habari ya mchezo wa besiboli waisome. Baadhi walikuwa wasomaji hodari, baadhi dhaifu. Baadhi waliujua mchezo, wengine hawakuujua. Wasomaji dhaifu walioujua mchezo waliielewa habari ile kuliko wasomaji hodari wasioujua. Nilikuwa nimelisoma jambo hili chuoni na kulijibu kwenye mtihani. Halikunijia hata mara moja nilipokuwa nasaini oda ya nakala 35 za hadithi ya bahari kwa watoto ambao wengi wao hawajawahi kukanyaga chombo.

Haimaanishi watoto wasome tu kuhusu wanayoyajua. Rudine Sims Bishop, mtaalamu wa fasihi ya watoto, aliandika mwaka 1990 kwamba vitabu ni vioo na madirisha: katika kimoja mtoto hujiona, katika kingine huwaona wengine. Riwaya ya jahazi ilikuwa dirisha zuri sana. Ila dirisha lilikuwa na vumbi, na kazi ya kulifuta ilikuwa yetu.

Nilipolipeleka swali la yule mama kwenye kikao cha idara, tulianza kama wanavyoanza watu wote: kitabu ni kigumu, watoto wa siku hizi hawasomi, tuombe kingine muhula ujao. Mwalimu mkongwe ndiye aliyetukatiza. Akauliza kitabu kina sura ngapi. Kumi na tisa. Muhula una wiki ngapi? Kumi na tatu. Nasi tunasoma sura moja kwa wiki.

Kimya.

Hesabu ya mtoto wa darasa la 2 ilikuwa imetushinda watu wazima watatu wenye shahada. Tangu siku ya kwanza, ratiba yetu ilikuwa imeshaamua kwamba kitabu hakitaisha, na kwamba darasa halitafika kamwe kwenye ukurasa wa 168. Mtoto pekee aliyefika ni yule aliyetuasi akasoma kitandani.

Tukakaa tukapiga hesabu sawasawa. Kurasa 212, maneno kama 260 kwa ukurasa, ni maneno yapata 55,000. Mwalimu akisoma kwa sauti, kwa mwendo wa kusimulia, maneno 90 kwa dakika, riwaya nzima ni saa kumi na dakika chache. Saa kumi! Sisi tulikuwa tumetumia wiki tisa, vipindi vitatu kila wiki, na tulikuwa hatujafika nusu. Muda mwingine ulikwenda wapi? Ulimezwa na kitabu cha mazoezi. Kila sura ilikuwa na maswali ya ufahamu, maneno kumi ya kutungia sentensi, jedwali la wahusika, na "fanya muhtasari kwa maneno 80". Tulikaa na kalamu tukayapitia maswali yote ya ufahamu: zaidi ya nusu yangeweza kujibiwa kwa kunakili sentensi kutoka ukurasani bila kuielewa, kama lile la omo. Kitabu kile cha mazoezi kilikuwa kizuri kwa mwalimu aliyechoka, nami sitamcheka mwalimu aliyechoka, lakini kilitugeuzia hadithi kuwa ghala la maswali. Mtoto anayesoma kurasa 11 kwa wiki hukuta amesahau mabishano ya wiki iliyopita, na hadithi bila mabishano ya wiki iliyopita ni watu wanaozungumza tu.

Kuna utafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex uliochapishwa mwaka 2019 ambao ungetufaa kabla. Walimu 20 wa Kiingereza huko Uingereza waliacha utaratibu wao wa kawaida wakawasomea wanafunzi wa miaka 12 na 13 riwaya mbili zenye ugumu, moja baada ya nyingine, kwa mwendo wa kasi, katika wiki 12. Kwa wastani ufahamu wa wanafunzi ulipanda kwa kiasi cha miezi 8.5 ya maendeleo ya kusoma, kwa wasomaji dhaifu ulipanda kwa miezi 16. Walimu 20 si umma mzima, na matokeo kama hayo ningependa kuyaona yakirudiwa kwingine. Hata hivyo yanagonga palepale tulipokosea: tulidhani msomaji dhaifu anahitaji kwenda polepole, tukamnyima kitu pekee kinachomfanya mtu aendelee kusoma, yaani kutaka kujua kitakachotokea.

Zilikuwa zimebaki wiki nne, vipindi 12, na kurasa 112. Kwa mwendo wetu mpya hizo ni dakika 320 na ushee. Tukiweka dakika 30 za kusoma katika kila kipindi, vipindi 11 vinatosha, na kimoja kinabaki.

Kipindi cha kwanza alikichukua mwalimu mkongwe. Ilikuja kubainika kwamba ujanani alikuwa amewahi kufanya kazi kwenye vyombo, jambo ambalo hatukulijua kwa kuwa hatukumuuliza, na hakulisema kwa kuwa hakuifungua riwaya. Alichora jahazi kwenye ubao kutoka ukuta mmoja hadi mwingine: omo, tezi, mlingoti, foromali inayobeba tanga, ngama pale chini maji yanapokusanyika. Kisha akapanga madawati kwa umbo lile, akamweka mwanafunzi mmoja tezi awe mjomba na mwingine awe kijana, akamwambia, "Haya, umekasirika. Nenda." Mtoto akatembea hatua sita akafika mwisho wa madawati, akageuka, akacheka: hakuna pa kwenda. Ilichukua dakika 15, na ndizo dakika 15 nilizozionea wivu zaidi katika kazi yangu. Wala hakuifafanua ile methali. Kuna mwanafunzi aliyeitamka mwenyewe, taratibu, kama mtu aliyeokota kitu alichokidondosha zamani.

Baada ya hapo tukasoma. Mwalimu anasoma kwa sauti, wao wanafuata kwenye nakala, mara mojamoja mwanafunzi anachukua ukurasa. Hakuna kuandika. Mwisho wa kipindi swali moja tu, la aina ambayo jibu lake halipo kwenye sentensi moja: mjomba anajua nini ambacho kijana hajui? Kitabu cha mazoezi tulikifunga. Mwalimu kijana aliogopa tutaulizwa alama zitatoka wapi. Hofu yake ilikuwa ya haki. Tuliulizwa kweli, nikajibu kwa mdomo kwanza, kisha kwa maandishi.

Tulifika ukurasa wa 168 katikati ya wiki ya tatu. Mjomba amebeba mzigo usio halali, wakubwa wa bandari wanamuuliza kijana, naye anaapa kwamba hakuna kitu. Mwandishi hamwadhibu. Jahazi linaondoka, kijana anakaa omo, sura inaisha.

Yule mama, kwa taarifa ya wanaodhani kila mzazi anayekuja shuleni anataka kitabu kipigwe marufuku, hakuomba kitabu kiondolewe. Aliuliza: "Mkifika hapo, mtawaambia nini?" Siku ile sikuwa na neno. Baadaye nilimwandikia ukurasa mmoja: kwa nini tumekichagua kitabu (sababu ambazo, nakiri, nilizipata baada ya kukichagua), nini kigumu kilichomo, na tutakifanyaje. Nilimweleza kwamba hatutawaambia kitu, tutawauliza. Kipindi cha 12 kilikuwa mjadala: kijana alipaswa kufanya nini? Nusu ya darasa ilimtetea, nusu ikamhukumu, na hoja kali kuliko zote ilitoka kwa mwanafunzi ambaye muhula mzima sikuwa nimeisikia sauti yake: kwamba kijana ameadhibiwa, maana amekwenda kukaa omo tena, ila safari hii mjomba hakugombana naye. Sikuwa nimeliona hilo. Na nilikuwa nimeshaisoma sura ile mara tatu.

Nikamtumia mama matokeo ya mjadala. Akajibu kwa mstari mmoja kwamba bado angependa mwandishi awe amesema wazi. Ana haki yake.

Kuna mzazi mwingine alikuja wiki hiyohiyo, yeye akitaka mwanawe asisome sura ya 16 kabisa. Hatukuwa na utaratibu wowote, tukababaika. Baraza la walimu wa Kiingereza la Marekani, NCTE, lina waraka wake wa tangu mwaka 1962 kuhusu haki ya mwanafunzi kusoma, na ndani yake mna fomu ya mlalamikaji kujaza. Mojawapo ya maswali yake ni kama amesoma kazi nzima. Nilipoiona niliona haya: kwetu swali hilo liliulizwa na mzazi, akimuuliza mwalimu. Kwa mtoto yule tulitafuta hadithi nyingine ndefu yenye tatizo zito la kimaadili, akaisoma na kuandika kuihusu. Nashikilia kwamba kitabu mbadala lazima kiwe na uzito uleule. Kumpeleka mtoto maktaba akae na jarida huku wenzake wanajadili ni kumwadhibu kwa imani ya wazazi wake.

Mwaka uliofuata tulianza kuchagua mapema, kabla ya kibali kuja. Kibali kikikukuta hujasoma utachagua kwa jalada, hakuna njia nyingine. Tuliazima vitabu sita, tukagawana ili kila kimoja kisomwe hadi mwisho na watu wawili. Katika kikao kila mmoja alitakiwa kusema jambo moja ambalo kitabu kinauliza na hakijibu. Viwili vilianguka hapo hapo: vilikuwa na mafunzo tele na hakuna swali. Mwalimu kijana alikipigania kimoja kwa saa nzima, akashindwa, na hadi leo anaamini tulikosea. Huenda ni kweli.

Kwa vinne vilivyobaki tulichukua ukurasa wa katikati. Mwanzo wa riwaya husuguliwa na mwandishi, mhariri na mchapishaji hadi ung'ae; katikati ndiko kitabu kinakokaa na sura yake ya kila siku. Wanafunzi watano wa viwango tofauti wakasoma kurasa hizo, tukawapa jaribio la kujaza mapengo. Jaribio hili ni la Wilson Taylor, mwaka 1953: unafuta kila neno la tano na msomaji analirudisha. Kwa Kiswahili tuliona neno la tano ni karibu mno, kwa kuwa ukifuta kitenzi kimoja umefuta nusu ya sentensi, tukafuta la nane. Tatizo jingine lilijitokeza ambalo sikulitarajia. Katika "____ vyake vyote vimelowa", mtoto ataandika vitabu, viatu au vitu kwa kusikiliza upatanisho tu, hata kama hajui habari inahusu nini. Kwa hiyo hatukujali sana idadi ya majibu sahihi. Tulikaa na kila mtoto tukamuuliza kwa nini aliandika vile. Aliyesema "viatu, kwa sababu wametoka kuvuka mto" alikuwa ndani ya hadithi. Aliyesema "kwa sababu ya vy-" alikuwa ndani ya sarufi. Mazungumzo hayo ya dakika tano kwa mtoto yalitusaidia kuliko kipimo chochote cha kompyuta.

Kuhusu nakala, tuliacha kununua 35 za kitabu kimoja. Tulichukua 20 za riwaya ya darasa, wanafunzi wawili wawili wakichangia moja, na nakala tano tano za riwaya tatu nyingine kwa vikundi. Mpango huu una ubaya wake: nakala ya darasa haiwezi kwenda nyumbani na kila mtoto, na yule binti wa kusoma kitandani alilalamika wa kwanza. Tukamruhusu achukue Ijumaa na kurudisha Jumatatu, kisha wengine wakaja, na sasa kuna daftari la kusaini ambalo linanichosha. Vikundi navyo havikuwa sherehe. Kimoja kiliiacha riwaya yake ukurasa wa 40. Tukakiruhusu kibadilishe, ila kwa sharti kwamba kila mmoja wao aandike aya moja ya kueleza kwa nini. Zile aya tano ndizo maandishi bora niliyopata muhula ule, na moja ilikuwa tusi lililopangwa vizuri kabisa kuhusu mhusika mkuu asiyefanya lolote.

Kila riwaya ya darasa sasa inakwenda na vitu viwili au vitatu vifupi: ramani au mchoro wa mahali, makala fupi ya habari halisi, na shairi moja kama lipo la kufaa. Havizidi hapo. Tunaviweka kabla ya sura inayovihitaji, wala haviwi zawadi ya mwisho. Mwongozo wa mchapishaji tunausoma, tunachukua maswali manne au matano, na mengine yanabaki humo.

Fomu ya kuagiza nayo tuliibadilisha. Mistari ya zamani ya bei, idadi na umri imebaki, na chini yake tumeongeza mmoja: "Walioisoma hadi mwisho", nafasi mbili za saini. Mwaka jana oda ilichelewa wiki nzima kwa sababu mwalimu mkongwe alikataa kutia saini yake. Alikuwa amebakiza kurasa 30. Mwalimu mkuu akanipigia simu mara mbili. Nilimwambia tusubiri, mzee bado anasoma.